Nani atasaini baada yako? Wosia, amana na mirathi nchini Uganda

Siku ya tatu ya matanga, jamaa wakiwa bado chini ya turubai, swali hutokea: hati iko wapi? Nimelisikia Busia, nimelisikia Mukono, na nimelisikia nyumbani kwetu tulipomzika baba mdogo. Aliyeuliza hakuwa na tamaa. Muhula ulikuwa unaanza na karo ilitakiwa, mpangaji alitaka kujua amlipe nani, na lori lilikuwa limelala gereji likisubiri fundi alipwe. Pesa zilikuwepo benki, lakini benki ilitaka sahihi, na mwenye sahihi tulikuwa tumemzika jana yake.

Tangu hapo kila sheria ya mirathi ninayoisoma naipima kwa swali moja: nani atasaini? Mtu akifa, mali yake haipotei wala haihami papo hapo kwenda kwa watoto. Inabaki imesimama, ina jina la mtu asiyeweza tena kushika kalamu. Yote yanayofuata, wosia, mahakama, ofisi za serikali, amana, ni njia mbalimbali za kupata mkono mwingine wa kusaini kwa niaba yake. Wosia ni wewe kuuchagua mkono huo mapema. Bila wosia, wengine wanakuchagulia. Amana ni mkono ulioanza kazi ungali hai, na kifo chako hakiusimamishi.

Tumchukue mfanyabiashara mmoja wa mpakani Busia, wa kufikirika lakini wa aina tunayoijua sote. Ana nyumba anamoishi na familia, duka la nafaka, vyumba vya kupangisha Malaba, kibanja (haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine) upande wa Mukono, lori moja na akaunti benki. Ana mke wa ndoa na watoto watano, wawili kati yao wa mama mwingine. Anamtunza pia mama yake mzazi. Leo asubuhi amefariki na hakuandika kitu.

Sheria ya Urithi ya Uganda ilitungwa mwaka 1906, na sehemu kubwa ya mifupa yake ingali ile ile. Mwaka 1972 iliwekewa mgawanyo wa asilimia ambao wazee wengi bado wanaukariri: watoto 75, mke 15, ndugu tegemezi 9, mrithi wa mila 1. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kadhaa kwa sababu viliwabagua wanawake, na kwa miaka 15 baada ya hapo pakabaki pengo ambalo mahakama na familia zilihangaika nalo. Bunge liliziba pengo hilo mwaka 2022. Leo, asiyeacha wosia akiwaacha hai watu wa makundi yote manne, watoto na vizazi vyao wanapata asilimia 75, mwenzi wa ndoa 20, wategemezi 4 na mrithi wa mila 1. Sheria sasa inasema mwenzi, ikimaanisha mume au mke, na inapima haki zao kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo, katika kila shilingi milioni 100 za kugawa, mjane wa Busia anapata milioni 20, mama mzee milioni 4, na watoto watano wanagawana milioni 75, kila mmoja milioni 15. Wale wawili wa mama mwingine wamo ndani sawasawa na wenzao. Hapa ndipo sauti hupanda kwenye vikao vya ukoo, na mtu husema huyu hakuletwa nyumbani, huyu hatumjui. Sheria haiulizi kama mtoto aliletwa. Inauliza kama ni mtoto wa marehemu. Na kabla hata ya kugawa, sheria inataka sehemu itengwe kwa ajili ya walio wadogo, walio bado masomoni, na wenye ulemavu waliokuwa wakimtegemea marehemu.

Nyumba wanamoishi haiingii kwenye hesabu hiyo ya asilimia. Ni makazi, na mjane na watoto wana haki ya kuendelea kukaa humo. Kumfukuza mjane kwenye nyumba hiyo ni kosa la jinai. Nalisisitiza hili kwa sababu bado wapo wanaofika na kufuli mpya kabla udongo wa kaburi haujakauka, na mjane anafungasha nguo akidhani ndivyo mila inavyotaka.

Tukitaja mila, kuna fundo moja linalofunga familia nyingi, hasa Buganda na jirani zake. Kwenye lumbe, sherehe ya kumaliza msiba, mrithi wa mila hutambulishwa mbele ya ukoo na kuvikwa heshima ya marehemu. Ni tendo zito na zuri, linaifanya familia isibaki bila baba. Lakini kijana aliyesimikwa huamka kesho yake akiamini amekuwa mwenye mali, na majirani humwamini, na mnunuzi wa ardhi humwamini pia. Kisheria nafasi hiyo inampa asilimia 1. Haimpi kalamu. Akiuza kiwanja cha marehemu kwa cheo hicho peke yake, ameuza kisicho chake, na mnunuzi amenunua kesi.

Nani basi anapewa kalamu pale ambapo hakuna wosia? Mahakama inamteua msimamizi wa mirathi na kumpa hati ya usimamizi. Safari ya kuifikia hati hiyo huanza na cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kisha kifo hutaarifiwa kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ofisi ambayo kila mtu Kampala anaiita Administrator General. Familia huitwa, hukaa kikao, hukubaliana nani aombe, na ofisi hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Ndipo ombi hupelekwa mahakamani, kwa hakimu kama mali ni ndogo au Mahakama Kuu kama ni kubwa, na tangazo hutolewa ili mwenye neno aseme. Mjane au mgane hahitaji barua ile ya kutokuwa na pingamizi. Sheria inamruhusu aende mahakamani moja kwa moja. Wengi hawajui hivyo, na shemeji wanaojua hawasemi.

Msimamizi akishapewa hati, ana miezi 6 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na mwaka 1 wa kupeleka hesabu. Tangu marekebisho ya 2022 hati yenyewe inaisha baada ya miaka 2 isipokuwa mahakama iiongeze, na hawezi kuuza mali ya mirathi bila ridhaa ya maandishi ya mwenzi na watoto. Zamani mtu alishika hati ya usimamizi miaka 20, akauza kipande baada ya kipande, na watoto wakaja kujua walipokuwa watu wazima.

Sasa turudi nyuma, mfanyabiashara wetu yu hai, jioni amefunga duka. Afanye nini?

Aandike wosia. Kinachowazuia watu ni hofu ya kujiitia kifo, na sitaidharau hofu hiyo maana nimelelewa nayo. Wazee wetu lakini walitoa wosia siku zote, wakaita watu kitandani wakasema nani achukue ng'ombe gani na nani alipwe deni gani. Kilichobadilika ni kwamba sheria haitambui tena maneno ya kitandani. Wosia wa mdomo unakubaliwa kwa askari aliye vitani na baharia aliye safarini, tena kwa masharti na kwa muda mfupi. Raia wa kawaida lazima aandike.

Masharti yenyewe si mazito. Uwe na miaka 18 au zaidi, uwe na akili timamu, uandike kwa hiari yako. Utie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao wakuone ukisaini, kisha wasaini wao na kuandika majina na anwani zao. Saini kila ukurasa, nao wasaini kila ukurasa, ili mtu asije akachomoa karatasi ya katikati na kuchomeka nyingine. Usimfanye shahidi mtu unayempa chochote, wala mume au mke wake: wosia unaweza kusimama lakini zawadi yake ikaanguka. Hapa watu wema huumia. Baba anawaita wanawe wawili wakubwa wamshuhudie kwa sababu anawaamini kuliko wote, na kwa imani hiyo anawanyima alichotaka kuwapa.

Lugha? Andika kwa lugha unayoimiliki. Wosia wa Kiswahili ni wosia halali. Ukifika mahakamani utaambatanishwa tafsiri ya Kiingereza. Ni bora sentensi ya Kiswahili uliyoielewa neno kwa neno kuliko ukurasa wa Kiingereza ulioandikiwa ukasaini kwa kuaminiana.

Ndani yake, jambo la kwanza si mali. Ni jina la mtekelezaji, yule atakayeshika kalamu. Taja mmoja na wa akiba, au wawili wafanye kazi pamoja, na waulize kwanza kama wanakubali, kwa kuwa mtu hawezi kulazimishwa. Mtekelezaji naye atakwenda mahakamani kupata idhini ya kuutekeleza wosia; benki na ofisi ya ardhi hazifanyi kazi na karatasi ya wosia pekee. Ila hahitaji ile barua ya kutokuwa na pingamizi, na hakuna tena mabishano ya nani aombe. Kwa familia yenye mama wawili, hilo peke yake linaweza kuokoa miezi mingi ya ugomvi.

Jambo la pili ni mlezi wa watoto wadogo, ikiwa baba na mama wote hawapo. Zamani sheria ilimpa baba peke yake uwezo wa kumteua mlezi kwa wosia. Kifungu hicho ni kati ya vilivyoanguka mwaka 2007. Mama naye anateua.

Ndipo mali. Itaje kwa namna ambayo mgeni angeitambua: namba ya kiwanja na bloku, namba ya usajili wa lori, jina la benki na tawi, SACCO, laini ya simu yenye pesa. Andika madeni pia, unayodai na unayodaiwa, maana gharama za mazishi na madeni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata. Mwishoni weka sentensi inayosema mali nyingine yoyote ambayo haikutajwa iende kwa nani. Ukiisahau sentensi hiyo, kiwanja utakachonunua mwaka ujao kitagawiwa kana kwamba hukuwahi kuandika wosia.

Je, unaweza kumpa mmoja kila kitu na kuwanyima wengine? Hapa uhuru wa kuandika una mpaka. Ukimwacha mwenzi, mtoto au mtegemezi bila riziki ya kutosha, anaweza kwenda mahakamani na mahakama ikachota kutoka kwenye mirathi kumtunza. Baba anayetaka kumwadhibu mwana kwa wosia kwa kawaida humwachia familia nzima kesi.

Kwa mwanamke anayeishi na mwanamume miaka 15 bila ndoa yoyote inayotambuliwa, iwe ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya serikali au ya kimila iliyotimizwa, wosia ni jambo la dharura. Fungu la mwenzi ni la mwenzi wa ndoa. Watoto wake watarithi, yeye hatarithi, hata kama matofali ya nyumba ile aliyabeba kichwani. Mwanamume anayempenda mwanamke huyo ama afunge ndoa ama amtaje kwenye wosia.

Kuhusu amana. Neno hili tunalo tangu zamani: mtu amekuachia amana, mali iko mkononi mwako lakini si yako. Sheria ya amana ni hilo hilo likiwekwa kwenye maandishi. Mwenye mali anaikabidhi kwa wadhamini, wadhamini wanaishika kwa jina lao, na faida yake ni ya wanufaika aliowataja, kwa masharti aliyoyaweka. Uganda ina Sheria ya Wadhamini inayosema mdhamini anatakiwa afanye nini, na nyingine ya kuwasajili wadhamini kama chombo kimoja kisichokufa. Hii ya pili ndiyo inayotumiwa na misikiti, makanisa, shule na vikundi vya hisani, na kwa hiyo haifai kwa kila familia inayotaka kuhifadhi nyumba ya kupangisha. Familia hutumia hati ya amana iliyoandikwa na wakili, au amana iliyowekwa ndani ya wosia.

Hiyo ya ndani ya wosia ndiyo ninayoiona inafaa watu wengi zaidi, na ni rahisi. Mfanyabiashara wetu anaandika kwamba vyumba vya Malaba visigawanywe. Vishikwe na mkewe na dada yake kama wadhamini, kodi isomeshe watoto wote watano, na mdogo wa mwisho akitimiza miaka 25 viuzwe au vigawanywe sawa. Anasema nani atachukua nafasi ya mdhamini akifa. Anasema hesabu zitaonyeshwa kwa nani, na lini. Bila maneno hayo, mtoto wa miaka 9 mwenye fungu la milioni 15 ana fungu asiloweza kulishika, na mtu mzima aliye karibu ndiye atakayelishika bila masharti yoyote.

Amana ya mtu angali hai inafaa pale penye jambo zito zaidi: mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji kutunzwa maisha yake yote, mali ya kibiashara isiyopaswa kusimama hata wiki moja, au familia yenye mipaka miwili, mguu mmoja Uganda na mwingine Kenya. Mali iliyohamishiwa kwa wadhamini haisubiri mahakama, kwa sababu mwenye sahihi hajafa.

Lakini nimeona amana tupu. Hati nzuri, mihuri, picha zikapigwa, na hati ya ardhi ikabaki kabatini kwa jina la mzee. Amana haishiki kisichohamishwa. Na ardhi ikihamishwa, daftari la ardhi huonyesha majina ya wadhamini kama wamiliki. Masharti yako yamo kwenye hati ya amana, ambayo mnunuzi huenda asiione kamwe. Kwa hiyo mdhamini mwovu anaweza kuuza. Chagua zaidi ya mmoja, wasiokula sahani moja, na wanufaika waweke zuio kwenye daftari la ardhi. Sheria pia haikuruhusu kuifunga mali milele kwa vizazi visivyo na mwisho. Lazima ifike siku ya kuwa ya mtu.

Kuna njia fupi ambazo hazihitaji amana. Mume na mke wakisajiliwa kama wamiliki wa pamoja wenye haki ya anayebaki, mmoja akifa kiwanja ni cha mwenzake bila kupitia mirathi. Lakini wakisajiliwa kila mtu na fungu lake, fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi kama mali nyingine. Soma maneno ya kwenye hati kabla hujaridhika kwamba yako ni ya pamoja. Unaweza pia kumpa mtoto kiwanja ungali hai, ukakihamisha kabisa. Ikiwa ni ardhi ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako kwanza, kwa maandishi. Uganda haitozi kodi ya mirathi, kwa hiyo usikubali kuhamisha mali kwa haraka kwa kuogopa kodi isiyokuwepo.

Kibanja kina ukaidi wake. Mwenye kibanja kwenye ardhi ya mailo, ile yenye hati ya kudumu ya mmiliki wake, anaweza kurithisha haki yake ya kukaa, lakini hawezi kurithisha ardhi yenyewe, ambayo ni ya mwenye hati. Wosia ukisema namwachia mwanangu ardhi ya Mukono, mtoto anadhani amepata hati. Andika kibanja, taja mwenye ardhi, na ambatanisha risiti za busuulu, ada ya kila mwaka anayolipwa mwenye ardhi, maana hizo ndizo zitakazomtetea.

Kwa Waislamu, nao wamo miongoni mwetu tunaosoma Kiswahili Uganda, kuna daraja mbili za kuvuka. Katiba ya 1995 inazitaja mahakama za kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi, na familia nyingi hugawiwa na sheikh kwa mafungu ya Qur'ani: mke thumni, yaani moja ya nane, penye watoto, mwana fungu la mabinti wawili, na wosia usizidi theluthi wala kumpa aliye tayari na fungu, isipokuwa warithi wengine waridhie. Sheria ya nchi inawapa watoto sawa. Mkikubaliana wote mkiwa watu wazima, mgawanyo wa sheikh hupita kwa amani. Akikataa mmoja, mtajikuta mbele ya jaji. Na kwa hali yoyote, jina kwenye hati ya ardhi halibadiliki bila karatasi ya mahakama. Anayetaka kufuata dini yake na kuepusha ugomvi atumie uhai wake: hiba anayoikabidhi kwa mkono wake leo, au wakfu wa msikiti, kisima au madrasa ulioandikwa na kusajiliwa, usiobaki kuwa neno alilolisema kwenye maulidi.

Wosia ukishasainiwa, mahakama itataka ule wa asili, wenye wino. Nakala ya simu haitoshi kwa urahisi, na kabati la chumbani ndilo la kwanza kupekuliwa siku ya msiba. Uweke kwa wakili, benki au kiongozi wa dini unayemwamini, na mwambie mtekelezaji na mtu mmoja mwingine mahali ulipo. Baba mdogo, tulikuja kugundua, alikuwa ameandika. Karatasi ilitokea mwaka wa pili, ndani ya bahasha ya risiti za duka, ina sahihi yake na ya shahidi mmoja.